1971, Mwaka Ambao Makosa Hayakufutwa: Tathmini ya Santuri Tisa

Kila mpenzi wa muziki ana mwaka wake anaouapia, na ukimchunguza vizuri utagundua kwamba mara nyingi ni mwaka aliokuwa na umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba, alipokuwa na muda mwingi, fedha kidogo na moyo mwepesi wa kujeruhiwa. Mimi sina kisingizio hicho. Mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kupita zamani nilipozaliwa, na nilikutana nao kwa kurudi nyuma, santuri moja ikinielekeza kwa nyingine, hadi siku moja nilipotazama rafu yangu nikaona kwamba majalada ninayoyashika mara nyingi zaidi yana tarakimu zilezile nne kwa nyuma. Kwa wiki tano zilizopita nimeketi na santuri tisa miongoni mwa hizo, kila moja kuanzia upande wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka wimbo hata pale nilipotamani kuruka, ili nimweleze anayetaka kuzinunua au kuzisikiliza kwa mara ya kwanza kilichomo ndani yake, kilichochakaa, na kile ambacho bado kinanifanya nisogeze kiti karibu na spika.

Maelezo ya kawaida kuhusu ubora wa mwaka ule yanajulikana. The Beatles walikuwa wametengana mwaka uliotangulia na kiti kikawa wazi. Waimbaji walikuwa wameanza kudai mamlaka juu ya kazi zao. Na albamu, ile santuri kubwa ya dakika arobaini hivi, ilikuwa imeipiku santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, nilipozisikiliza kwa mfululizo, jambo lililonivuta lilikuwa dogo kuliko hayo, nalo linasikika kwenye spika zenyewe bila kuhitaji mwanahistoria: santuri hizi zimejaa makosa. Yupo mpiga ala aliyedhani bado anapasha vidole moto, yupo mtunzi aliyeishiwa maneno, upo utepe ulioachwa ukizunguka, na ipo simu iliyolia wakati wa kurekodi. Studio kubwa za wakati ule zilikuwa na mashine za njia 16, zilizoweza kurekodi kila sauti kwenye njia yake, kwa hiyo kurudia sehemu iliyoharibika lilikuwa jambo linalowezekana. Wembe wa kukatia utepe ulikuwepo, na mafundi hodari wa kuutumia walikuwepo pia. Waliyaacha makosa hayo kwa kuwa waliyasikia na wakayapenda. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na sijui mwaka mwingine wa muziki uliouchukulia msemo huo kwa uzito kiasi hiki.

Nianze na iliyo bora kuliko zote, maana sioni faida ya kumzungusha msomaji. What's Going On ya Marvin Gaye ilitoka mwezi Mei kupitia Tamla, tawi la kampuni ya muziki ya Motown, na kuzaliwa kwake ni kisa cha ukaidi. Wimbo uliobeba jina la albamu ulianzia kwa Renaldo Benson wa kundi la Four Tops, ambaye aliwaona polisi wakiwapiga vijana huko Berkeley, California, akabaki akijiuliza kinachoendelea. Wenzake katika kundi hawakuutaka wimbo wa namna hiyo, ukafika mikononi mwa Gaye, ambaye mdogo wake, Frankie, alikuwa amepelekwa katika vita vya Vietnam. Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, hakuupenda, na Gaye akajibu kwa kukataa kurekodi kitu kingine chochote hadi utakapotolewa. Ulitolewa Januari 1971, ukapanda hadi nafasi ya pili katika chati kuu ya Marekani, na kampuni ileile iliyousitasitia ikataka albamu nzima haraka. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ilirekodiwa mwezi Machi, kwa muda wa wiki mbili hivi.

Sasa weka sindano. Kwanza utasikia sauti za wanaume wakisalimiana kama watu waliokutana mlangoni mwa sherehe. Wawili kati yao, Mel Farr na Lem Barney, hawakuwa waimbaji kabisa bali wachezaji wa mpira wa Kimarekani katika timu ya Detroit Lions. Kisha inaingia saksafoni ya Eli Fontaine, kile kipande kifupi chenye huzuni ambacho yeyote aliyewahi kukisikia anaweza kukipiga mluzi. Fontaine alikuwa anapasha moto tu. Alipokuwa tayari kuanza kazi aliyoitiwa, Gaye alimwambia kwamba anaweza kwenda nyumbani, kwa kuwa kilichohitajika kilikuwa tayari kwenye utepe. Muda mfupi baadaye anaingia Gaye mwenyewe, na hapo kuna ajali ya pili iliyo kubwa zaidi: alikuwa ameuimba wimbo mara mbili kwa namna mbili, akamwomba fundi Kenneth Sands amwandalie zote mbili ili achague iliyo bora, na zilipochezwa zikasikika kwa pamoja. Gaye, aliyeisikia nafsi yake ikijijibu, hakuchagua tena. Kuimba na kivuli chake mwenyewe kukawa alama yake tangu wakati huo, na kila ninapousikiliza wimbo huu nashindwa kusema ni sauti ipi inayoongoza na ipi inayoitikia.

Chini ya hayo yote kuna besi ya James Jamerson. Simulizi maarufu ya Motown inasema kwamba alipiga sehemu yake akiwa amelala chali sakafuni kwa sababu alikuwa amelewa mno asiweze kukaa kitini. Iwe ni kweli tupu au imetiwa chumvi, besi hiyo inatembea kwa ulegevu wa mtu asiye na haraka ya kufika, na haigusi noti moja isiyo na kazi. Nyimbo sita za upande wa kwanza zimeunganishwa bila kituo, moja ikimwagikia nyingine, chini ya mpangilio wa vinanda na violini wa David Van DePitte, na jalada liliwataja wapiga ala kwa majina, jambo ambalo Motown haikuwa na desturi ya kulifanya. Dosari ipo: "Right On", unaofungua upande wa pili, ni wimbo wa zaidi ya dakika saba ambao ungetosha kwa nne. Lakini mwishoni, "Inner City Blues" inapofifia na kuurudia mwanzo wa albamu, nimeshasahau malalamiko hayo. Mwaka 2020 jarida la Rolling Stone liliiweka kuwa ya kwanza katika orodha yake ya albamu 500, na ingawa sina imani kubwa na orodha, hapo sikupata la kubishana.

Bill Withers alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Slab Fork, West Virginia, akatumikia jeshi la wanamaji miaka tisa, na alipotoa Just As I Am mwaka 1971 alikuwa bado mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege. Picha ya jalada inamwonyesha hapohapo kazini, akiwa ameshika kisanduku chake cha chakula cha mchana, na ukitazama uso wake utaona mtu ambaye hakuwa na hakika kama kazi hii mpya ya kuimba itadumu. Katika "Ain't No Sunshine" kuna mahali ambapo ubeti wa tatu ulipaswa kuwepo. Withers hakuwa ameuandika. Akajaza nafasi kwa kurudia maneno mawili, "I know", mara 26, akikusudia kuja kuweka beti halisi baadaye, na prodyuza Booker T. Jones pamoja na wanamuziki waliokuwepo wakamwambia auache ulivyo. Jaribu kuhesabu unaposikiliza. Kuanzia mara ya kumi hivi hutakuwa na hamu ya kuhesabu tena, kwa sababu maneno yamekoma kuwa na maana ya kujua chochote na yamekuwa kwikwi ya mtu anayejizuia kulia.

Wimbo huo una urefu wa dakika mbili na sekunde chache. Uliwekwa upande wa nyuma wa singo, na watangazaji wa redio ndio waliougeuza. Albamu iliyobaki haiko katika kimo hicho mfululizo. Nyimbo za wengine alizozirudia, ukiwemo mmoja wa The Beatles, zinapendeza bila kumwachia msikilizaji kitu kipya, na ningezibadilisha zote kwa wimbo mmoja zaidi kama "Grandma's Hands". Hata hivyo, kwa anayetaka kuanza na santuri moja tu isiyomchosha wala kumtisha, hii ndiyo ninayomwazima.

Kwa Shaft ya Isaac Hayes nitakuwa mfupi, kwa kuwa yenyewe haikuwa fupi. Ni muziki wa filamu uliotolewa katika santuri mbili, na wimbo wa kichwa ndio uliompa Hayes tuzo ya Oscar ya wimbo bora mwaka 1972, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata katika kundi hilo. Gita lile linalokwaruza kama paka aliyefungiwa ndani lilitoka kwa Charles Pitts, ambaye alikuwa anajaribu kanyagio lake la kubadilisha sauti ya gita kabla ya kazi kuanza. Hayes akamwambia asiache. Sauti ya kuimba haiingii hadi wimbo umepita nusu, na subira hiyo bado inanisisimua. Lakini sehemu kubwa ya kilichobaki ni muziki wa kujaza matukio ya filamu, na "Do Your Thing", wenye dakika zaidi ya 19, unahitaji msikilizaji ambaye hana pa kwenda. Inunue ikiwa unaipata kwa bei ndogo. Vinginevyo wimbo wa kichwa unatosha.

Santuri mbili zilizofuata katika ratiba yangu zilirekodiwa katika jengo moja la studio za A&M huko Los Angeles, kwa kipindi kinachokaribiana, na watu waliokuwa wakipishana kwenye korido. Carole King alitoa Tapestry mwezi Februari, akiwa na miaka 29 na zaidi ya muongo mmoja wa kuwaandikia wengine nyimbo. Yeye na Gerry Goffin, aliyekuwa mumewe, ndio walioandika wimbo uliowapa umaarufu kundi la wasichana la The Shirelles mwaka 1960, na ule ambao Aretha Franklin aliufanya kuwa mali yake mwaka 1967. Katika Tapestry aliziimba zote mbili kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ni nyembamba, inayokwaruza kidogo inapopanda, na ambayo kampuni yoyote ya miaka michache nyuma ingemwambia aipeleke kwa mwimbaji halisi. Prodyuza Lou Adler alitaka msikilizaji ajione ameketi kwenye kiti cha piano kando yake, na ndivyo inavyosikika: unasikia pumzi, unasikia uzito wa vidole, unasikia noti za juu zikifikiwa kwa taabu na kuachwa hivyo. Albamu hiyo ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 15. Mwaka uliofuata iliondoka na tuzo nne za Grammy, ikiwemo ya albamu bora. Kuna wanaoiona kuwa laini mno, muziki wa kusikilizwa huku ukikunja nguo, nami nakiri kwamba nimeisikiliza nikikunja nguo mara nyingi na sijaona aibu. Katika toleo lake la wimbo wa The Shirelles, ambamo James Taylor na Joni Mitchell wanamwitikia, swali ambalo wasichana wale waliliuliza kwa woga wa usiku mmoja linaulizwa na mwanamke aliyekwisha kuolewa na kuachika, na jibu analijua.

Blue ya Joni Mitchell, ya mwezi Juni, hainisaidii hoja yangu hata kidogo. Ni santuri ambayo siwezi kuonyesha kosa lililoachwa ndani yake kwa kuwa kila noti imewekwa mahali pake kwa makusudi, kuanzia magita yaliyowekwa nyuzi kwa namna yake ya pekee hadi dalsima, ala ya nyuzi ya kulazwa mapajani, anayoipiga katika nyimbo kadhaa. Kisichofunikwa hapa ni mtu mwenyewe. Mitchell aliwahi kueleza baadaye kwamba wakati ule hakuwa na kinga yoyote, akajilinganisha na ile karatasi nyembamba inayong'aa inayofunga paketi ya sigara. "Little Green" unamhusu mtoto wake wa kike aliyemzaa mwaka 1965 na kumtoa alelewe na wengine; wasikilizaji wengi hawakulijua hilo kwa miaka mingi, na wawili hao hawakuonana tena hadi mwaka 1997. Sipendekezi kuisikiliza mchana wala pamoja na wageni. Niliiweka siku ambayo sikuwa na nguvu za kuipokea, nikalazimika kuisimamisha baada ya upande wa kwanza na kuirudia siku ya pili, na hilo ndilo onyo pekee nililo nalo juu yake.

Sticky Fingers ya The Rolling Stones, ya mwezi Aprili, ina kosa hata kabla hujaitoa kwenye jalada. Wazo la jalada lilitoka kwa Andy Warhol, msanii wa picha wa Marekani: picha ya suruali ya jinzi yenye zipu halisi inayofunguka. Santuri zilipopangwa moja juu ya nyingine na kusafirishwa, zipu ya kila moja ilikandamiza sahani ya jirani yake na kuacha alama kwenye wimbo. Suluhisho lililopatikana lilikuwa la akili za mtaani kabisa: wakaishusha zipu katikati kabla ya kufunga mzigo, ili ikandamize karatasi ya katikati ya sahani mahali pasipo na muziki. Anayenunua nakala ya zamani basi na aangalie kwa makini hapo, maana kilichoharibika kwa zipu hakirekebishiki kwa kitambaa wala maji.

Ndani ya jalada kuna santuri ninayoipenda kwa mashaka. "Brown Sugar" unaifungua kwa mzaha juu ya biashara ya utumwa na miili ya wanawake Weusi, na bendi yenyewe iliuondoa kwenye ziara yake ya Marekani mwaka 2021. Kama nisingekuwa na ahadi ya kutoruka chochote, huo ndio ningeuruka wa kwanza. Tofauti kabisa na huo, "Can't You Hear Me Knocking" ni zawadi ya bahati. Wimbo uliopangwa unakwisha baada ya dakika mbili na nusu au tatu. Wanamuziki waliendelea kupiga kwa kujifurahisha, wakidhani kazi imeisha, na utepe ulikuwa bado unazunguka. Ngoma za congas zinaingia, saksafoni ya Bobby Keys inafuata, kisha gita la Mick Taylor linaanza kutembea polepole kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani, na kinachosikika katika dakika nne hivi za mwisho ni watu wasiojua kwamba wanasikilizwa. Hakuna sehemu nyingine ya muziki wa bendi hiyo ninayoirudia mara nyingi zaidi.

Albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba bila jina la albamu wala la bendi kwenye jalada, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika Headley Grange, nyumba kuukuu ya mawe huko Hampshire, Uingereza, yenye unyevu na baridi. Ngoma za "When the Levee Breaks" ziliwekwa ukumbini chini ya ngazi, na fundi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni juu kwenye ngazi hizohizo, kinyume na mazoea ya kuzisogeza karibu na ngoma. John Bonham akapiga, na nyumba nzima ikaitikia. Mwangwi ule umenaswa na kurudiwa na vizazi vya marapa, Beastie Boys wakiwa miongoni mwa wa mwanzo mwaka 1986. Wimbo wenyewe ni wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, waliourekodi mwaka 1929 kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927, na kwa mara hii moja bendi ambayo ilikuwa na tabia ya kusahau iliyemwazima iliandika jina la Memphis Minnie kwenye santuri. "Rock and Roll" nao ulizuka ghafla walipokuwa wamekwama katika wimbo mwingine na Bonham akaanza kupiga mdundo wa zamani kwa kuchoka. Kuhusu "Stairway to Heaven" sina jipya la kusema, ila kwamba ukiusikia mahali pake, ukifunga upande wa kwanza baada ya nyimbo tatu zenye haraka tofauti, unasamehewa mengi ambayo redio imeufanyia.

Hapa ningeweza kuonekana kana kwamba naamini kila kosa ni baraka, kwa hiyo ni vizuri Sly Stone aingie. There's a Riot Goin' On, iliyotoka Novemba, ni santuri ambayo makosa yake yanatisha. Sly alikuwa kiongozi wa bendi yenye furaha kuliko zote za mwishoni mwa miaka ya 1960, wanawake kwa wanaume, Weusi kwa Weupe. Kufikia 1971 mpiga ngoma wake, Greg Errico, alikuwa ameondoka, dawa za kulevya zilikuwa zimeingia, na Sly alikuwa akijifungia na kupiga ala nyingi peke yake, akiweka mashine ya dramu mahali pa mtu. Alirekodi juu ya kilichorekodiwa mara nyingi kiasi kwamba utepe ulichakaa, na unachosikia ni muziki uliofunikwa na vumbi, sauti zikija kama kutoka chumba cha pili. Fundi yeyote mwenye akili timamu angeitupa rekodi hiyo na kuanza upya. Lakini ukiisafisha utaipata nini? "Family Affair", iliyofika nafasi ya kwanza Marekani, imeimbwa na mtu ambaye hana nguvu ya kufungua mdomo vizuri, huku dada yake, Rose, akimbebea kiitikio, na siwezi kuufikiria ukiwa umeimbwa na mtu mzima wa afya. Wimbo uliobeba jina la albamu umeandikwa kwenye karatasi ya santuri kuwa na urefu wa dakika 0 na sekunde 0. Wengi wameona jina hilo kuwa jibu la swali aliloliuliza Marvin Gaye miezi sita kabla. Nikisikiliza santuri hizi mbili usiku mmoja, hii ndiyo inayonifanya nikae kimya zaidi, ingawa ile nyingine ndiyo ninayoipenda.

Nimeacha nyingi, na ninajua nitalaumiwa. Albamu ya Aretha Franklin iliyorekodiwa Fillmore West mwezi Machi ningeiweka juu ya nusu ya hizi, ila ni ya jukwaani, na jukwaani makosa hayana budi kubaki. Maggot Brain ya Funkadelic ina gita la Eddie Hazel la dakika kumi ambalo kiongozi wa bendi, George Clinton, alilipenda kiasi cha kuwafifisha karibu wapiga ala wengine wote, na baada ya hapo albamu iliyobaki haijui la kufanya. Imagine ya John Lennon naiheshimu zaidi ya ninavyoipenda. Tena, mtu akisema kwamba orodha hii inautazama mwaka kutoka dirisha la Marekani na Uingereza pekee, hatakuwa amekosea: tarehe 6 Machi mwaka huohuo Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, Santana na The Staple Singers walikuwa Accra, Ghana, katika tamasha la Soul to Soul, na Fela Kuti alikuwa akirekodi London pamoja na mpiga ngoma Ginger Baker. Hizo zinastahili tathmini yake zenyewe, na si ya aya moja.

Kwa upande wa ununuzi, nina ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni kujihadhari na matoleo mapya yaliyopandishwa sauti kupita kiasi, kwa sababu santuri hizi zinategemea tofauti kati ya kilicho karibu na kilicho mbali, na tofauti hiyo ikisawazishwa, ngoma za Bonham zinakuwa kelele tu na pumzi ya Carole King inatoweka. Nakala moja niliyoinunua, ambayo sitaitaja, ilikuwa imesafishwa hadi kile kivumi chembamba cha utepe kikaondoka, na pamoja nacho ikaondoka hewa ya chumba. Niliisikiliza mara moja na kurudi kwenye nakala yangu yenye mikwaruzo. Ushauri wa pili unahusu nyimbo za nyongeza zinazowekwa mwishoni mwa matoleo ya kumbukumbu. Zina thamani kwa mtafiti, lakini albamu iliyopangwa iishe mahali fulani inapoendelea kwa majaribio saba ya wimbo uleule, mwisho wake unakuwa umeibwa. Wanaosikiliza kwa simu wazime uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Waliopanga upande wa kwanza wa What's Going On hawakufikiria kwamba siku moja mtu angeanza na wimbo wa tano.

Ya tisa ilifika mwaka ukiwa unafungwa. Hunky Dory ya David Bowie ilitoka tarehe 17 Desemba, Bowie akiwa na miaka 24, na mwanzoni haikuuzwa kwa wingi; wengi waliifuata baadaye, alipokwisha kuwa nyota. Inaegemea piano ya Rick Wakeman, ambaye anapiga kama mtu aliyeruhusiwa kutumia kila kidole alicho nacho, na upande wa kwanza hauna wimbo dhaifu. Upande wa pili unalegea kidogo, kwa kuwa nyimbo za kuwasifu wengine, mmoja ukimhusu Bob Dylan, zina harufu ya kijana anayewataja wakubwa ili aonekane ameketi nao. Wimbo unaoitwa "Andy Warhol" unaanza na Bowie akimsahihisha prodyuza wake, Ken Scott, namna ya kulitamka jina hilo, kisha kicheko, na vyote vikaachwa.

Lakini ninayemkabidhi santuri hii humwomba jambo moja tu, nalo liko mwishoni mwa "Life on Mars?". Violini hupanda hadi kilele, hushuka, na sauti inaanza kufifia, na mtu mwenye haraka hapo ndipo anaponyoosha mkono kuelekea sindano. Asubiri. Muziki ukishakaribia kunyamaza kabisa, piano inarudi kwa mbali, mabaki ya jaribio la awali lililokuwa kwenye utepe uleule, na nyuma yake simu ya studio inalia. Ndiyo iliyoliharibu jaribio lile. Mara ya kwanza nilipoisikia, nilipunguza sauti nikaenda kuitafuta simu yangu chini ya mito ya kochi.